Mzungu Mweusi wa Ihanda

Harufu ya maganda ya kahawa yanayooza ni nzito, tamu kidogo na chachu kidogo, kama togwa iliyosahauliwa chunguni. Mwezi wa sita Ihanda nzima ilinuka hivyo. Kila nyumba ilikuwa na shimo lake la maganda nyuma ya mashine ya kumenyea, na asubuhi, ukungu ukiwa bado umelalia migomba, harufu ile ilikufikia kabla hujaona mtu. Nilikuwa darasa la sita. Siku hizo mkoa wa Songwe ulikuwa bado haujazaliwa, sisi tulihesabiwa watu wa Mbeya, na kijijini kwetu simu ya mkononi ilikuwa moja tu, ya mtendaji, ambaye akitaka mtandao alipanda juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya kanisa. Ninausimulia msimu ule wa kahawa kwa sababu ndio niliofundishwa kumchunguza mtu, na kazi hiyo niliiweza kuliko alivyotarajia aliyenituma.

Mtu mwenyewe tulimwita Mzee Amosi. Alikuwa Mmarekani mweusi, mrefu, mwenye ndevu nyeupe zilizokatwa fupi na mgongo ulioanza kupinda. Alifika pande zetu kabla sijazaliwa, akiwa na watu waliokuwa wakichimba visima vya pampu. Wenzake walipomaliza wakaenda zao, yeye akabaki. Mwenyekiti wa zamani alimwonyesha kipande cha ardhi karibu na mto, kwa maneno ya mdomo tu, naye akajenga nyumba ya tofali za kuchoma na kupanda kahawa. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko chetu sisi tuliokuwa tunaongea Kinyiha nyumbani, ila herufi ya r ilimshinda, ilijikunja mdomoni mwake kama jani linaloungua. Watoto tulimwita mzungu mweusi. Hatukuwa na nia mbaya. Alikuwa anakunywa kahawa yake mwenyewe, tena bila sukari, wakati sisi wakulima wa kahawa tulikunywa chai. Alitembea haraka kama mtu aliyechelewa mahali. Kwetu mtu wa namna hiyo alikuwa mzungu, ngozi yake iwe ya rangi yoyote. Lakini jina lile lilimchoma. Siku moja alisimama njiani, akaweka ndoo chini, akaulaza mkono wake kando ya wangu.

"Angalia, Esnati," aliniambia. "Kati ya mikono hii miwili, wa mzungu ni upi?"

Niliangalia. Mkono wake ulikuwa mweusi kuliko wangu. Nikamjibu kwa adabu zote kwamba wa mzungu ni huu wake. Alicheka, lakini kicheko kiliisha upesi, akachukua ndoo yake akaenda.

Kila Jumamosi nilikwenda kwake kujifunza Kiingereza. Wazazi wangu walimwomba, naye alikubali bila masharti, isipokuwa niwe na daftari safi na nisije nimechelewa. Tulikaa kwenye meza yake karibu na dirisha, mimi nikisoma kwa sauti, yeye akinisahihisha huku anachambua kahawa kwenye ungo. Alikuwa mwalimu mkali na mvumilivu. Nilipopatia sentensi ngumu aligonga meza mara moja kwa kidole, basi, na mimi nilirudi nyumbani nikiisikia ile sauti ya kidole njia nzima.

Mambo yalianza kuharibika kwa sababu ya wageni. Kanisa letu lilikuwa likisubiri wazungu kutoka Marekani waliokuwa wametusaidia kuezeka darasa la shule ya Jumapili. Baba, ambaye alikuwa katibu wa wazee wa kanisa, alikwenda kumwomba Mzee Amosi awe mkalimani. Nilikuwepo, maana ilikuwa Jumamosi. Baba alivua kofia, akasalimia, akasema, "Mzee, wageni wetu ni ndugu zako wa kwenu. Tumeona wewe ndiye utakayetutafsiria."

"Si ndugu zangu," Mzee Amosi alijibu, bila ukali. "Katibu, ukitaka nije kubeba mawe, nitakuja kesho. Lakini kusimama katikati yenu na wale, nikiwabebea maneno yao, hapana."

"Wamekukosea nini?"

"Hawa? Siwajui hawa."

"Basi unawakataa kwa rangi yao."

Mzee Amosi aliendelea kutikisa ungo. Alitoa punje mbili mbovu, akazitupa dirishani. "Huenda," alisema.

Baba alirudi nyumbani na neno hilo moja kama mtu aliyepewa barua. Alilirudia mezani, akalirudia kanisani. Alikuwa mtu mnyoofu, baba yangu, mwenye kuona aibu hata ya kuchukua mwavuli wa kanisa mvua ikinyesha, na alichukia ubaguzi kwa moyo wake wote. Kwake mweusi anayemkataa mweupe alikuwa sawasawa na mweupe anayemkataa mweusi. Lakini zaidi ya chuki hiyo, lilimwingia wazo lingine. Aliona kwamba mtu hawezi kuwaogopa watu asiowajua. Labda anaogopa wao wamjue yeye. Jioni hiyo aliniita uani nilipokuwa nikiosha miguu. Hakuniambia niibe wala nidanganye. Aliniambia tu, "Ukienda Jumamosi, fungua macho."

Nilifungua macho. Niliona kwamba Mzee Amosi hakai akiupa mlango mgongo, hata mara moja. Niliona kwamba mbwa wake wawili walikuwa na majina ambayo hayakuwa ya Kiswahili wala ya Kiingereza nilichokuwa nikifundishwa. Niliona kwamba barua zake hazikupitia posta ya Vwawa. Zililetwa na mwenye duka mmoja wa Tunduma, Mwislamu mmoja mpole aliyekuja kununua maharage na kuziweka mezani bila kusema kitu. Nilikumbuka harusi moja ambayo aliondoka mara mpiga picha alipofika, akaacha sahani yake ya wali haijaguswa. Haya yote nilikuwa nimeyaona miaka yote na hayakuwa kitu. Sasa kila moja nililibeba nyumbani nikamkabidhi baba, naye alinisikiliza kwa umakini ambao sikuwahi kuupata kwake, sisi tukiwa watoto saba. Ninakiri kwamba niliupenda umakini huo. Wiki ambayo sikuwa na jipya la kusema nilihisi kama nimeshindwa mtihani.

Ndipo nikaipata picha. Mzee Amosi alikuwa ametoka nje kuzungumza na mtu wa mbolea, akaniambia nitafute neno kwenye kamusi kubwa. Kati ya kurasa kulikuwa na picha isiyo na rangi. Vijana weusi, wanaume na wanawake, wamesimama kwenye ngazi za jengo, wamevaa makoti meusi na miwani ya giza, nywele zao ndefu za duara kama kofia. Wawili wameshika bunduki ndefu. Mmoja wa wale wawili alikuwa na shingo na mabega ya Mzee Amosi. Niliisikia sauti yake nje akicheka na yule mtu, nikaitia picha katikati ya daftari langu. Aliporudi, aliniuliza kama neno nimelipata. Nilisema ndiyo. Akanitaka nilitungie sentensi, nikatunga, akagonga meza kwa kidole.

Nyumbani kwetu alikuwepo Shangazi Stela, dada mkubwa wa baba. Alikuwa mjane wa Tunduma ambaye kila msimu alikuja kutusaidia kuchuma. Baba alipoiweka picha mezani, Shangazi aliishika kwa ncha za vidole, akaitazama muda mrefu, kisha akasema, "Vijana wazuri hawa."

"Dada, wana bunduki."

"Nimeona. Nilipoolewa Tunduma, marehemu mume wangu alikuwa akiwalaza nyumbani vijana waliokuwa wanapita kwenda kupigana kusini. Nao walikuwa na bunduki. Niliwapikia, niliwafulia. Na wewe ulikuwa kwaya, ukiwaombea hapahapa kanisani kila Jumapili. Au umesahau?"

"Wale walitawaliwa na wageni. Walikuwa wanadai nchi yao. Huyu alizaliwa kwenye nchi yake, anapiga kura, anasoma shule. Alimnyooshea nani bunduki?"

"Nchi yake?" Shangazi aliuliza taratibu. "Walipelekwa kule wakiwa kwenye minyororo, mdogo wangu. Unajuaje kama walipiga kura?"

"Mtu aliyeua ameua."

"Nani kakwambia ameua? Picha?"

Walibishana hivyo siku nzima ya kuchuma, kila mmoja kwenye mstari wake wa mibuni, na siku iliyofuata pia. Hawakupandishiana sauti, walizungumza kama watu wanaosaga kitu kigumu. Mimi nilikuwa kati yao na debe langu. Nilipomsikiliza baba, Mzee Amosi alikuwa muuaji aliyejificha kwenye kahawa yetu. Nilipomsikiliza Shangazi, alikuwa mpiganaji aliyechoka. Kilichonitisha ni kwamba yule niliyemjua mimi, wa ungo na kidole mezani, hakuwemo katika maneno ya yeyote kati yao.

Wageni walikuja wakaimba, wakala ndizi, wakafungua darasa lao. Mkalimani alitoka Vwawa. Baba alimvuta kando kiongozi wao, mzee mweupe mwenye sauti ndogo, akamwonyesha picha bila kumtaja mwenye picha. Yule mzee aliivalia miwani. Alisema anawajua watu wa aina ile, kwamba alipokuwa kijana mama yake alikuwa akifunga milango kwa sababu ya habari zao redioni. Alisema kwao mpaka leo wako wanaowaita mashujaa na wako wanaowaita wauaji, na kwamba yeye na mkewe hawajakubaliana. Nilikuwa nimesimama karibu na nilisikia yote kama mkalimani alivyoyatoa. Lakini baba alipomsimulia mwenyekiti wa kijiji, lilibaki neno moja tu, wauaji. Sikumsahihisha.

Wiki mbili baadaye uliitishwa mkutano mkuu wa kijiji kuhusu ardhi. Mwenyekiti mpya alitaka kila kipande kiandikwe, na Mzee Amosi alikuwa ameomba kile cha mtoni kiandikwe kwa jina lake. Watu walijaa kiwanja cha shule, wanawake upande wa mwembe karibu na uzio, wanaume kwenye madawati yaliyotolewa nje, na watoto tukachungulia kutoka madirisha ya madarasa. Lilipofika jina lake, baba alisimama. Hakupamba. Alisema kijiji kina haki ya kumjua mtu kinayempa ardhi, kisha akainua picha. Mzee Amosi, aliyekuwa amekaa mwisho wa dawati, ukuta nyuma yake, aliitambua kabla haijamfikia. Niliona macho yake yakizunguka madirishani mpaka yakanipata. Hayakuwa na hasira. Yalinitazama kama yanavyotazama kitu ambacho hatimaye kimetokea.

Mwenyekiti alimuuliza waziwazi kama aliwahi kuua mtu.

"Nilipokelewa nchi hii nikiwa nimeyasema haya kwa waliopaswa kuyasikia," alisema. Alikuwa amesimama, mikono nyuma. "Hamkuwahi kuniuliza, nami sikuwaambia. Hilo ni kosa langu. Hawa mnaowaona hapa walikuwa wenzangu. Watatu walipigwa risasi na polisi kabla mwaka haujaisha, mmoja akiwa amenyoosha mikono juu. Tuliamua kwamba hatutakufa tena bila kujibu. Siku moja nilikuwa naendesha gari. Bunduki zilikuwemo, na nilijua zimo. Askari alitusimamisha. Mwenzangu alimpiga risasi, mimi nikaondoa gari. Yule askari alikufa. Mimi sikufyatua risasi. Lakini niliondoa gari."

Kisha Shangazi Stela alisimama kule walikokaa wanawake, mkono mmoja umeshika khanga kifuani. Nadhani alikuwa anamtafutia mlango wa kutokea.

"Askari huyo alikuwa mzungu?" aliuliza.

"Hapana, mama," Mzee Amosi alisema. "Alikuwa mweusi kama mimi. Tulikuwa tunawaita askari kama yeye wasaliti. Tulimwita hivyo kabla ya kumwona uso."

Shangazi aliketi. Baba naye, ambaye alikuwa bado amesimama, aliketi. Nilitegemea baba aonekane ameshinda, lakini alikuwa anaitazama ile picha magotini mwake kana kwamba amebebeshwa mzigo wa mtu mwingine. Jibu lile halikuwa na nafasi katika hoja ya yeyote kati yao wawili. Mwenyekiti, kwa kukosa la kufanya, aliita kura ya kunyoosha mikono. Mikono ya kumpa ardhi ilikuwa mingi zaidi, si kwa tofauti kubwa. Shangazi alinyoosha wake, polepole. Baba hakunyoosha.

Siku iliyofuata Mzee Amosi alikuja kwetu. Alikunywa maji aliyopewa, akasema anaomba picha yake. Baba akampa, na wakakaa kidogo wakizungumzia bei ya viuatilifu, kama majirani. Alipoinuka alinigeukia. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila neno isipokuwa alilolisema: "Jumamosi uje na daftari."

Nilikwenda. Meza ilikuwa palepale, ungo ulikuwepo. Lakini alikuwa amekihamisha kiti chake. Zamani alikaa mahali pa kuuona mlango, na sasa alikaa mahali pa kuuona mlango pamoja na mikono yangu. Sidhani alifanya hivyo ili kuniadhibu. Ilikuwa ni tabia ya mwili wake tu, kama mtu anayekwepa jiwe lililokwisha kumkwaza. Nilisoma ukurasa mzima bila kosa. Kidole hakikugonga meza. Nilikwenda Jumamosi tatu zaidi, kisha nikaanza kusema kahawa ni nyingi nyumbani, kisha sikusema kitu, sikwenda tu.

Alifariki nikiwa kidato cha tatu, bweni Vwawa. Nilifika jioni wameshamzika kwenye ardhi yake ya mtoni. Niliambiwa kwamba baba ndiye aliyeongoza ibada, na kwamba yeye na Shangazi walikosana tena pale pale kaburini. Shangazi alitaka isomwe kuwa marehemu alikuwa mpigania uhuru. Baba alitaka isomwe kuwa alichimba visima. Mwishowe lilisomwa jina lake, na nchi alikozaliwa, na kijiji alikofia.

Leo mimi ni mwalimu wa Kiingereza Tunduma. Malori yanapanga foleni kwenda Zambia chini ya dirisha la darasa langu, na wanafunzi wangu wana simu zinazowaonyesha Marekani kila siku kuliko mimi nilivyoiona katika utoto wangu wote. Wanavaa fulana za mitumba zenye ngumi nyeusi iliyoinuliwa. Wanawajua kwa majina watu wa zamani waliobeba bunduki kwa ajili ya rangi yao, wanagawanyika kuhusu wao kama washabiki wa mpira, na mwezi uliopita kidato cha nne walikaribia kuvunja kipindi, upande mmoja ukisema mashujaa, mwingine ukisema wahalifu, na wa nyuma wakicheka kwamba wote ni wazungu weusi, wanatuhusu nini. Ninawaona wako huru kuliko sisi. Wanasema hadharani tuliyokuwa tunayanong'ona. Lakini sisi, yule tuliyemshuku tulizijua hatua zake za miguu, naye alitushuku huku akitupa maji. Wao wanaapa kwa ajili ya watu, au kinyume cha watu, ambao hawajawahi kuwasalimia. Sijui ni ipi iliyo mbaya zaidi. Nilichofanya ni kufunga kitabu na kuwasimulia habari za Mzee Amosi, pamoja na sehemu yangu ndani yake, ambayo sikuwahi kumsimulia mtu.

Nilipomaliza, binti mmoja wa mstari wa mbele, ambaye huwa hasemi sana, aliinua mkono. "Madamu, ungekuwa mtu mzima siku ile, ungepiga kura upande gani?"

Nilimwambia ningempa ardhi. Wengine wakapiga makofi. Yeye hakupiga, aliendelea kuniangalia.

"Na yule askari," aliuliza, "alikuwa anaitwa nani?"

Kijiji kizima kilikaa pale mchana ule, baba na Shangazi na mwenyekiti, na mimi dirishani nikiwa nimefungua macho kama nilivyoagizwa. Nilisimama mbele ya darasa nikitafuta kumbukumbu ya mtu mmoja kati yetu aliyeuliza. Sikumpata.